Mwongozo kamili: kupiga picha za familia jangwani Sharqiya huku una watoto wako mwenyewe

Mpiga picha anayeishi Maskati ana jangwa karibu kuliko wengi wanavyodhani. Ukishika barabara ya Bidbid inayokwenda Sur, ukaipita Ibra, baada ya mwendo wa saa mbili na nusu hivi uko Bidiya na mchanga umeshaanza. Hayo ndiyo matuta ya Sharqiya, ambayo wengine bado huyaita Wahiba kwa jina la kabila la huko. Ni eneo la kilomita za mraba 12,500 hivi, na upande wa kaskazini yapo matuta yanayokaribia mita 100 kwenda juu.

Familia nyingi za hapa, zikiwemo zetu zinazozungumza Kiswahili nyumbani, zinapenda kupigwa picha kule. Mwongozo huu ni kwa mama anayetaka kuifanya kazi hiyo vizuri na bado arudi nyumbani na watoto wazima na kamera nzima. Msimamo wangu ni mmoja, na hatua zote zimejengwa juu yake: jangwani, jua na mtoto ndio wanaopanga ratiba. Wewe na mteja wako mnafuata.

Hatua ya 1: Panga mwezi, siku na saa

Msimu wa kazi ni Novemba hadi Machi. Mwisho wa Oktoba na mwanzo wa Aprili inawezekana, lakini kwa familia isiyo na mtoto mdogo. Kuanzia Mei hadi Septemba, joto la kupita nyuzi 40 ni jambo la kawaida, na mchanga unaunguza nyayo hadi jioni. Omani imepiga marufuku kazi za juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9:30 katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ikiwa wanaume wazima wanatolewa juani kwa amri ya serikali, mtoto wa miaka miwili ana haki zaidi. Mteja akisisitiza Julai, mpe alfajiri ya pwani au mpandishe mlima wa Jabal Akhdar kwenye ubaridi. Akikataa vyote viwili, mwache aende.

Siku nzuri ni Ijumaa. Ondokeni Maskati asubuhi, mswali Ijumaa Ibra au Bidiya, mle, mpumzike, kisha muingie mchangani baada ya Alasiri. Mlale huko na kurudi Jumamosi mchana. Kuna sababu mbili za kusisitiza hili. Kwanza, Jumapili ni siku ya skuli na watoto wanaamka alfajiri, kwa hiyo ukipiga picha Jumamosi jioni utafika nyumbani usiku na wiki nzima itaharibika. Pili, ngamia. Ngamia huvuka barabara usiku bila taa wala onyo, na miguu yao ni mirefu kiasi kwamba ukimgonga, mwili wote unaangukia kioo cha mbele. Usiendeshe usiku njia za huko ukiwa na watoto kama unaweza kuepuka.

Kuhusu saa, tumia kivuli chako. Kikiwa sawa na urefu wako, jua bado liko juu na macho ya watu yataingia vivuli. Kikifika mara tatu ya urefu wako, anza. Hapo huwa imebaki kama saa moja na nusu jua kuzama. Mwanzoni mwa Desemba jua huzama karibu saa 11:20 jioni, na mwishoni mwa Februari huzama baada ya saa 12. Tafuta saa kamili ya siku yenyewe, kisha hesabu kurudi nyuma.

Kumbuka pia kwamba mwanga ule mtamu wa mwisho unaishia palepale Magharibi inapoingia. Muulize mteja mapema: je, mnasimama kwa sala na kumaliza, au mnaswali kisha tunapiga chache za mwanga wa buluu, ule wa muda mfupi baada ya jua kuzama? Familia nyingi huridhika ukisema picha zote kubwa zitakuwa zimekwisha robo saa kabla ya adhana. Nimeona baba wa watu akitazama saa kila dakika huku mpiga picha akiendelea kubofya, na uso ule unaonekana katika kila picha.

Hatua ya 2: Zungumza na familia kabla hujagusa kamera

Piga simu, usiandike ujumbe tu. Uliza nani anakuja, umri wa kila mmoja, nani anaumwa magoti, mtoto analala saa ngapi mchana. Kama bibi anakuja, tafuta tuta ambalo gari linafika chini yake, na picha ya ukoo mzima ipigwe hapohapo bibi akiwa amekaa kwenye mkeka. Hakuna haja ya kumpandisha mtu wa miaka sabini juu ya mchanga unaozama.

Mavazi yanastahili mazungumzo marefu. Mchanga wa Sharqiya una rangi ya chungwa, kwa hiyo kaki, hudhurungi na chungwa vinamezwa. Buluu, kijani kilichopoa, waridi hafifu na nyeupe ya maziwa hutoka vizuri. Nguo nyekundu sana hurusha wekundu chini ya kidevu cha mtoto aliyebebwa. Kwa familia zetu mimi huomba kanga pea moja, hata kama hakuna atakayeivaa: upepo ukiinuka, watoto wawili wakishika pembe zake, una picha ambayo hakuna pambo la kununua litakupa.

Halafu ruhusa. Omani ina sheria ya makosa ya mtandao iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 12 ya 2011, inayolinda faragha ya mtu dhidi ya kupigwa picha au kusambaziwa picha bila idhini yake. Ipo pia sheria ya kulinda taarifa binafsi, Amri namba 6 ya 2022, inayotaka idhini ya mlezi kwa taarifa za mtoto. Andika karatasi fupi yenye maswali mawili: naweza kuzitunza picha hizi muda gani, na zipi, kama zipo, naweza kuzionyesha kwa watu. Familia nyingi hawataki uso wa mama wala wa binti mtandaoni. Wapokelee kwa heshima bila kuwasukuma. Kazi yako ijulikane kwa picha za mikono, migongo na nyayo, mpaka mtu akupe idhini ya uso kwa moyo wake. Kanuni hiyo inawahusu pia wenyeji wa Bidiya. Mama wa Kibedui aliyevaa barakoa yake nzuri si sehemu ya mandhari. Usimwelekezee kamera bila kumuomba.

Chukua arbuni, na andika kwamba upepo mkali ukivuma siku hubadilishwa bila malipo ya ziada. Ukiwa na ndege isiyo na rubani, kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kipatikane kwanza.

Hatua ya 3: Amua watoto wako wanabaki au wanakuja

Kama yupo wa kubaki nao, na mdogo hanyonyi, waache. Kazi ya watu inahitaji akili yote. Lakini kwa wengi wetu wikiendi ndiyo siku pekee ya kuwa pamoja, na watoto wanalipenda jangwa kuliko sisi. Basi waje, kwa sharti moja: awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni wao tu. Baba yao, shangazi, mdogo wako, yeyote, mradi asiwe pia ndiye msaidizi wako wa kushika riflekta, yaani kibao cha kurudishia mwanga. Mtu mmoja hawezi kuangalia watoto na kushika riflekta, na kitakachoangushwa kwa kawaida ni uangalizi.

Maji: beba lita nne kwa kila mtu kwa siku, na za akiba garini. Mtoto wa chini ya miezi sita anayenyonya hapewi maji hata kwenye joto. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe mwenyewe unywe. Chakula kiwe kisichoyeyuka wala kuharibika: tende, mandazi, chapati zilizokunjwa na mayai, machungwa. Chupa ya chai ya maziwa kwa ajili ya usiku, maana nyakati za baridi jangwa hupoa ghafla jua likishazama, na kuelekea alfajiri umande huanguka kwa sababu unyevu wa Bahari ya Arabuni hufika hadi mchangani. Beba masweta na kofia za sufu hata kama mchana ulikuwa wa kaptura.

Zijue dalili za joto kumzidi mtoto: ananyamaza ghafla na kuacha mchezo, anakuwa na hasira isiyo na sababu, mkojo ni mchache na wa njano iliyokolea, kichwa kinamuuma. Mpeleke kivulini, mvue, mpanguse kwa maji, mpe anywe kidogokidogo. Akianza kuchanganyikiwa, kutapika au kulegea, mmiminie maji na piga 9999. Kazi inasimama hapo, na hakuna mteja mwenye watoto atakayekulaumu. Usimwache mtoto ndani ya gari hata dakika moja, hata amelala, hata kiyoyozi kinafanya kazi.

Viatu vikungutwe kabla ya kuvaliwa, kila mara, kwa ajili ya nge. Wafundishe watoto wafanye wenyewe. Mchanga ukimwingia mtoto jichoni, mshike mikono asisugue, mmiminie maji safi kutoka upande wa pua kwenda nje.

Hatua ya 4: Gari

Liwe la 4x4, na magari yawe mawili, hata kama la pili ni la mteja. Kabla ya kuingia mchangani punguza upepo wa matairi hadi psi 15 au 18 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ili tairi lilale na kupata mshiko, kisha endesha bila kona za ghafla. Beba pampu ya upepo, sepetu na kamba ya kuvutia. Ukitoka, jaza tena kabla ya kushika lami, kwa pampu yako au kwenye maduka ya matairi Bidiya mjini. Jaza petroli hukohuko. Kama hujazoea mchanga, kodi dereva wa Bidiya anayelijua eneo. Gharama yake iwe ndani ya bei unayomtajia mteja tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 5: Linda kamera dhidi ya vumbi na mabadiliko ya joto

Mchanga wa pale ni laini mno, unaingia hata kwenye pete ya kuzungushia lenzi. Usibadilishe lenzi mchangani. Chukua kamera mbili, moja na lenzi ya milimita 35, nyingine na 85 au 70–200, na zikae hivyo mpaka mmemaliza. Kama una moja tu, chagua 85 au inayofanana nayo, kwa sababu lenzi ndefu huyaleta matuta karibu na watu na kuyafanya yaonekane makubwa. Usiweke begi chini. Liache kwenye kiti cha gari, zipu imefungwa.

Vumbi likitua kwenye kioo, pulizia kwanza kwa kipuliza cha mkono, halafu brashi laini, na kitambaa kiwe cha mwisho kabisa. Ukianza na kitambaa unakwaruza. Kichujio cha kukinga kioo ni rahisi kukinunua upya kuliko lenzi.

Joto nalo lina madhara yake. Usiache kamera, betri wala memori kadi kwenye dashibodi. Asubuhi yenye umande, na Maskati yenyewe ambako hewa ina unyevu, kamera ikitoka kwenye kiyoyozi kioo hujaa ukungu papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabla ya kuitoa, na iache ndani ya mfuko mpaka ipate joto la nje.

Hatua ya 6: Piga picha

Fika saa moja mapema, bila watoto kukimbia huku na huku, na uangalie mchanga. Matuta makubwa ya kaskazini yamelala kutoka kaskazini kwenda kusini, na hili ni zawadi kwa mpiga picha. Jioni, ubavu wa magharibi unapokea jua na ule wa mashariki unaingia kivulini mapema. Kwa hiyo una studio mbili: moja ya mwanga wa dhahabu, nyingine ya mwanga laini ambao mtoto hafumbi macho. Anzia kivulini jua likiwa bado kali, kisha hamia magharibi.

Picha pana zenye mchanga safi zipigwe mwanzo kabisa. Mchanga usiokanyagwa una mistari ya upepo, na mtoto mmoja mwenye furaha anaimaliza kwa dakika. Familia ipandishwe kutoka nyuma ya tuta, watokeze kwenye ukingo, nyayo zote zibaki upande usioonekana. Hiyo ikishapatikana, waachie wakimbie.

Sasa suala linalowashinda wengi: baba amevaa kanzu nyeupe, mama buibui jeusi, nao wamesimama juu ya mchanga unaong'aa. Kamera ikiona mchanga huo hudhani mwanga umezidi na kuipunguza picha, nyuso zikatoka nyeusi. Ukiongeza mwanga ovyo, kanzu inaungua, inakuwa doa jeupe lisilo na mikunjo. Suluhisho ni mahali pa kuwasimamisha. Wageuze ili jua liwe nyuma yao au pembeni kwa nyuma. Hapo sehemu ya mbele ya kanzu imo kivulini, na mchanga ulio mbele yao unarudisha mwanga wa joto usoni kutoka chini. Ngozi yetu nyeusi hupendeza sana kwenye mwanga huo, kwa sababu inapata mng'ao mashavuni bila kuchomwa na jua la moja kwa moja. Pima mwanga kwenye uso wa mtu, si kwenye mandhari, kisha angalia alama za kumweka kwenye kioo cha nyuma cha kamera, zinazoonyesha mahali mwanga umezidi. Kanzu ikimweka, punguza kidogo. Buibui utalifungua baadaye kwenye kompyuta, na ndiyo maana faili ziwe RAW, yaani ghafi, ambazo kamera haijazibana. Kanzu iliyoungua haifunguki.

Mipangilio yangu ya kuanzia ni hii: tundu la lenzi kwa familia nzima f/5.6, mtoto peke yake f/2.8 au f/4, kasi ya shata 1/800 wakikimbia na isishuke 1/250 wakiwa wametulia, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 200 kwenye jua. Jua likishazama ISO inapanda hadi 1600 au zaidi, na hakuna ubaya. Rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua, usiiachie kamera ijichagulie, vinginevyo picha za kivulini na za juani zitatofautiana kama za siku mbili.

Kuhusu watoto, dakika za kwanza weka kamera begani. Kaa chini mchangani na uwaulize nani anaweza kufukia miguu yake haraka zaidi. Usiwaambie watabasamu. Waambie wamvute baba mpaka juu, wamnong'oneze bibi siri, wateleze kwa makalio mpaka chini. Wewe lala kifudifudi, kamera iwe usawa wa macho yao. Picha rasmi ya kusimama wote pamoja ipigwe mapema, kabla nguo hazijajaa mchanga. Mtoto anayegoma aachwe agome mikononi mwa mama yake. Picha ya mama amemkumbatia mtoto anayelia, upepo unapeperusha mtandio, wazazi wengi huichagua kuwa kubwa ukutani.

Mama wa mtoto mchanga atahitaji kunyonyesha katikati. Panga hilo ndani ya ratiba: shuka moja la kumkinga upepo, gari likiwa limesimama upande upepo unakotoka, na wewe ukipiga picha za baba na wakubwa wakati huo bila kumharakisha mtu.

Kabla ya kuondoka zunguka na mfuko. Okota maganda, vitambaa, vizibo. Plastiki iliyotupwa huliwa na mbuzi na ngamia wa watu, nao hufa kwayo.

Hatua ya 7: Usiku huo na wiki inayofuata

Memori kadi zinakiliwe kwenye diski mbili kabla hujalala, hata kama macho yanafumba. Nyumbani, diski moja ikae mahali pengine, kwa dada yako kwa mfano. Begi la kamera lifutwe kwa nje kabla ya kufungua zipu, kwenye chumba kisicho na feni. Pulizia kila kiungo cha kamera kikiwa kimeelekea chini.

Uchaguzi wa picha fanya asubuhi watoto wakiwa skuli, si usiku wa manane. Usiku rangi ya mchanga huonekana sawa hata pale isipo sawa, na utaamka kukuta familia nzima ni ya chungwa. Tafuta kwanza rangi sahihi ya ngozi ya bibi, kisha linganisha wengine wote naye.

Wateja wengi hutaka picha ziwe tayari kabla ya Idi, kwa hiyo funga kupokea kazi za jangwani wiki tatu kabla ya Ramadhani. Ukipeleka picha kubwa ya ukutani, mwambie mteja asiitundike inapopigwa na jua la dirishani. Nyumba za Maskati zina mwanga mkali, na wino wa picha hupauka upande huo kwanza.